SIKI NA MAGUGU YA NYUMBANI: INAFAA WAPI, HAIFAI WAPI?

Somo la usafi wa mazingira



Mvua zikianza tu, kuna swali moja ambalo linanifuata nyumba hadi nyumba. Wa kwanza kuniuliza alikuwa mama mmoja aliyekuwa ameinama mbele ya choo chake, anachokonoa majani kwenye ufa wa saruji kwa ncha ya kisu. "Mwanangu," aliniambia, "nasikia vinegre inaua majani. Ni kweli, au ni maneno ya sokoni?" Nilimjibu haraka haraka: "Ndiyo mama, inaua." Baada ya wiki mbili nikapita tena hapo. Akanionyesha ndago imesimama pale pale, mbichi kabisa, na chupa tupu iko mkononi mwake. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba pesa ya ile chupa ilikuwa ya chumvi na kiberiti.

Kwa hiyo somo hili ni deni langu kwake. Tangu siku hiyo nimesoma, nimewauliza wanaojua kilimo, na nimejaribu siki mwenyewe nyumbani kwetu. Ukinifuata hadi mwisho utajua mahali ambapo siki inasaidia, mahali ambapo unamwaga pesa yako chini, na kosa moja ambalo linaweza kukuangusha chooni kwako ukiwa unafanya usafi.

SIKI NI KITU GANI?

Siki, au vinegre kama wengi wetu tuliotoka Kongo tunavyoiita, ni ile maji kali ambayo wauza chipsi wananyunyizia na wengine wanatia kwenye kachumbari. Ukali wake unatokana na asidi inayoitwa asidi asetiki. Ukisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa utakuta namba, mara nyingi asilimia 5 au pungufu kidogo. Maana yake ni kwamba katika kila vijiko 100 vya siki, vijiko 5 tu ni asidi, vingine vyote karibu ni maji. Kuna siki inayotokana na pombe au matunda yaliyochacha, na kuna ile ambayo kiwanda kimechanganya asidi na maji. Kwa mlaji ladha ni tofauti. Kwa magugu tofauti hakuna, kinachohesabika ni ile namba.

Siki ikiangukia jani changa, asidi inaharibu ngozi nyembamba ya jani, maji yaliyomo ndani yanatoka, na jua linamalizia kazi. Kesho yake jani ni la kahawia, kama limepitiwa na moto. Lakini hapa sikiliza vizuri: siki haitembei ndani ya mmea. Haishuki kwenye mizizi. Inaunguza pale ilipogusa, basi. Karibu kila jambo nitakalosema hapa chini linatokana na hilo moja.

Mwaka 2002 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika kituo chao cha Beltsville, jimbo la Maryland, walijaribu siki za nguvu mbalimbali juu ya magugu. Waliona kwamba siki ya asilimia 5 na ya asilimia 10 iliua magugu yaliyokuwa katika wiki mbili za kwanza za maisha yake. Yaliyokomaa yalihitaji siki kali zaidi, hadi asilimia 20. Wewe na mimi tunayo ya asilimia 5 tu. Kwa hiyo kwetu sisi siki ni dawa ya magugu machanga, yenye majani mawili, matatu, manne. Likishafika kimo cha kidole chako na kuanza kutoa matawi, umechelewa.

Na si magugu yote yanafanana hata yakiwa madogo. Kishona nguo, yule anayeganda kwenye sketi na suruali, akiwa mchanga anakufa vizuri, kwa sababu jani lake ni pana, laini, na hana akiba yoyote chini. Nyasi ni wagumu zaidi, kwa maana jani lao ni jembamba na limesimama, siki inateleza, na kile kichipukizi chao kimejificha chini karibu na udongo. Ndago ndiyo mbaya kupita wote. Chimba uone: chini kuna vijinundu vigumu kama kunde, vimeunganishwa kwa kamba nyembamba. Vile ni ghala lake. Unaunguza majani leo, kesho kutwa anafungua ghala anatoa mengine. Sangari naye ni hivyo hivyo, mizizi yake inatambaa mbali chini kwa chini. Yule mama alikuwa amemwagia siki ndago. Mimi ndiye sikumuuliza ni jani gani.

MAHALI PAKE

Mimi nilijaribu mahali pawili. Kwanza mbele ya nyumba yetu, kwenye uwanja wa udongo ambapo magugu yalikuwa yamechanganyika, madogo na makubwa. Nilimaliza nusu chupa kwenye eneo la mkeka mmoja. Siku ya pili palipendeza sana, pote kahawia, nikawaita hata majirani. Siku ya kumi palikuwa pamerudi kijani nusu nzima, na mbegu mpya zilikuwa zimeota juu, kwa sababu siki haiui mbegu zilizolala ndani ya udongo. Kaka yangu mdogo alichukua jembe, akapalilia mahali pale kwa muda mfupi kuliko niliotumia mimi kunyunyizia. Alinicheka, na ilikuwa haki yake.

Mahali pa pili palikuwa bafuni kwetu, yaani lile zege dogo la kuogea lenye mfereji wa kupitisha maji. Kwenye nyufa zake majani yalikuwa yanaota tangu mvua ya kwanza. Pale jembe halifai kabisa: ukichokonoa ufa kwa chuma, unaupanua, maji ya sabuni yanaingia chini, zege linavunjika, na baada ya miezi michache una dimbwi la maji machafu badala ya bafu. Nilitumia vijiko vichache vya siki asubuhi yenye jua. Majani yalikauka, na hayakurudi kwa wiki kadhaa, kwa sababu yalikuwa machanga na mizizi haina udongo wa kujilisha.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siki ni ya nyufa: sakafu ya choo kwa nje, zege la bafu, kando ya mfereji wa saruji, katikati ya mawe uliyopanga mlangoni ili usikanyage matope. Mahali padogo, pagumu, ambapo jembe linaharibu na vidole haviingii. Penye udongo, tumia jembe, fyekeo au mkono. Kila ukubwa wa kazi una chombo chake, na pesa ya siki kwa kiwanja kizima hata mwenye duka hawezi kuimudu.

Hata penye udongo kuna mahali ambapo jembe pia halifai. Mguuni mwa ukuta wa udongo usilime. Udongo ukilegezwa pale, mvua inachimba mfereji na ukuta unaanza kuliwa kutoka chini. Hapo ng'oa kwa mkono siku moja baada ya mvua, wakati udongo umelainika, kisha kanyaga vizuri panapobaki wazi. Na kwenye mteremko usiondoe nyasi zote hadi pabaki pekundu. Zikate ziwe fupi tu, mizizi ibaki ishike udongo. Nimeona viwanja vilivyosafishwa kama meza, na mvua moja ikavishusha hadi kwa jirani wa chini pamoja na maneno makali yaliyofuata.

NAMNA YA KUFANYA

Subiri siku ya jua kali ambayo haina dalili ya mvua. Hapa kwetu kusini-magharibi mwa Uganda mvua zinakuja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba, na katikati ya mvua hizo huwa kuna siku mbili tatu za jua. Hizo ndizo siku zako, maana magugu yameota na bado ni machanga. Anza asubuhi umande ukishakauka. Ukinyunyizia jioni, au mawingu yakiwa mazito, unaosha majani tu.

Usiongeze maji kwenye siki. Tayari ni dhaifu. Kama una chupa ya kupulizia, kama zile za vinyozi, ni nzuri. Kama huna, toboa kifuniko cha chupa ya siki yenyewe kwa sindano, matundu matatu au manne, halafu dondoshea. Kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kinafaa pia: unachovya, unapaka jani. Lilowe kila upande, lakini usimwage hadi itiririke. Matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo yanasaidia siki ishike kwenye jani badala ya kuteleza. Usitumie sabuni ya kipande wala ya unga. Nilijaribu kukwangua sabuni ya kipande ile tunayogawiwa, ikaganda na kuwa mabonge meupe kama maziwa yaliyoharibika. Asidi inaivunja sabuni ile, na sabuni nayo inapunguza ukali wa asidi, kwa hiyo umepoteza vyote viwili.

Kama karibu kuna mboga zako, kinga kwa kipande cha bati au boksi. Siki haijui lengalenga ni chakula. Inaunguza jani lolote. Na kabla hujaua chochote, angalia kwanza unaua nini. Wazee wetu mnajua kuliko mimi kwamba nusu ya yale tunayoita magugu yalikuwa yanaingia kwenye sufuria: lengalenga ya porini, mgagani, majani ya maboga yaliyojiotea. Nyumba yenye watoto wadogo na mgao usiotosha haina sababu ya kumwagia siki mboga ya bure.

Ukimaliza, osha mikono, na kama ulitumia chombo cha chuma au sufuria ya alumini kiosheni hapo hapo, kwa maana asidi inakula chuma na alumini. Macho yakirukiwa, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha njoo kituo cha afya.

MAMBO AMBAYO WATU WANANIULIZA

Wengi wanauliza kuhusu chumvi. Ni kweli, siki iliyotiwa chumvi nyingi inaua zaidi. Lakini siki yenyewe inavunjika ndani ya udongo baada ya muda mfupi, chumvi haivunjiki. Inabaki. Mvua inaibeba hadi kwenye bustani yako au ya jirani, na pale hapaoti kitu. Sisi viwanja vyetu ni vidogo na hatujui tutalima hapo kwa miaka mingapi. Chumvi ipeleke jikoni.

Kijana mmoja aliniuliza kama kasiksi iliyochacha inafaa badala ya siki ya dukani, kwa kuwa baba yake ana dumu zima limeharibika. Inaweza kuunguza kidogo, lakini huwezi kujua nguvu yake, kwa kawaida ni ndogo kuliko ya dukani, na sukari inayobaki ndani inaita nzi na sisimizi mlangoni kwako. Sikumshauri.

Maji ya moto? Haya nayapenda kuliko siki. Maji yanayochemka, yakimwagwa kwenye ufa, yanaua majani machanga vizuri, na hayagharimu kitu kama ni yale uliyochemshia viazi au mahindi na ulikuwa unayamwaga. Kuwasha mkaa kwa ajili ya magugu peke yake ni hasara. Lakini hakikisha watoto wako mbali. Wale wanaofika kituoni kwa kuungua na maji ya moto wengi ni wadogo waliokuwa wanamfuata mama nyuma nyuma, wala mama hakujua wapo.

SASA KOSA LENYEWE

Hapa naomba usome polepole, na kama mwenzako nyumbani hajui kusoma, msomee.

USICHANGANYE SIKI NA JIK. Usichanganye siki na unga wa klorini ule tunaoutumia kusafishia vyoo na wakati wa kipindupindu. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Gesi hii inachoma macho, koo na mapafu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini, na choo ni chumba kidogo chenye kuta pande nne.

Utasema: nani atachanganya? Hakuna anayechanganya kwa kukusudia. Inatokea hivi. Asubuhi mama anasafisha choo kwa Jik, kama tulivyomfundisha sisi wenyewe. Saa nne mwanaye anakuja na chupa ya siki kuua majani kwenye ufa wa sakafu ile ile, ambayo bado imelowa. Au mtu anaona siki inasafisha madoa, na Jik inasafisha madoa, anafikiri vikiwa pamoja vitasafisha mara mbili. Nyumba moja niliyotembelea, dada wa miaka kumi na saba alitoka chooni anakohoa na machozi yanamtiririka, amekaa chini hawezi kuongea. Alikuwa amefanya hivyo hivyo. Namshukuru Mungu mlango ulikuwa ni gunia tu, na hewa ilikuwa inapita. Alipona, lakini usiku ule hakulala kwa kukohoa.

Kwa hiyo siku ya Jik si siku ya siki. Ukitaka kutumia siki kwenye zege la choo, osha kwa maji mengi ya kawaida, liache likauke kabisa, tumia siki kesho yake, na kwa nje tu. Harufu kali ikikupiga ghafla, acha kila kitu, toka nje, simama upande upepo unakotoka, na usirudi ndani kuchukua ndoo. Ndoo itakungoja. Mtu anayekohoa sana, anayebanwa kifua au anayepumua kwa shida, mleteni kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu shida ya mapafu inaweza kuzidi baada ya masaa kadhaa.

Jambo la pili linahusu siki kali. Ukikutana na asidi ya siki ambayo haijapunguzwa, ile inayopimwa kutoka kwenye dumu bila karatasi yoyote, usiinunue, hata kama muuzaji anasema inaua magugu mara moja. Anasema kweli, na ndiyo sababu ya kuiogopa. Ikizidi asilimia 11 hivi inachoma ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Ile ya asilimia 20 wanaoitumia huko ng'ambo wanavaa miwani na glavu ndefu. Wewe una kandambili.

Na jambo la tatu ni chupa ya soda. Tafadhali, baba, mama, kaka, dada: usitie siki, Jik, mafuta ya taa wala dawa ya magugu kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hasomi. Anajua chupa, na anajua kwamba chupa hiyo mara ya mwisho ilikuwa tamu. Akinywa siki ya kawaida kidogo atalia na kutema. Akinywa asidi kali inamchoma koo na tumbo. Na kama ni dawa ya kuua magugu iitwayo paraquat, mmezo mmoja tu unaweza kuua hata mtu mzima, na hadi leo haina dawa ya kuiondoa nguvu mwilini. Acha siki kwenye chupa yake yenye karatasi yake, juu ambapo mtoto hafiki. Mtoto akishakunywa kitu usichokijua, usimtapishe, usimpe mafuta wala usimpe dawa ya kienyeji. Msukutue mdomo, mlete mbio, na ulete chupa yenyewe pamoja naye. Hatutakugombeza. Chupa inatuambia la kufanya.

JE, KUFYEKA KUNAZUIA MALARIA?

Nimeliacha swali hili hadi sasa kwa sababu linahitaji ukweli. Kwa miaka mingi tumeambiwa, na sisi wajitoleaji tumesema pia, fyekeni majani ili kuzuia malaria. Watu wamechukua neno hilo wakamwaga siki na dawa mpaka mlangoni, halafu wakalala bila chandarua.

Mbu wa malaria hazaliwi kwenye majani. Anazaliwa kwenye maji. Anapenda hasa maji madogo, tulivu, yanayopigwa na jua: dimbwi la njiani, alama za kwato za ng'ombe, na, naomba tusikasirike, lile shimo ulilochimba udongo wa kufyatulia matofali ya nyumba yako. Hapa kambini karibu kila nyumba ina shimo hilo hatua chache kutoka mlangoni. Tangu yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 14, kutegemea joto. Likishika maji ya mvua wiki mbili, umefuga mbu wako mwenyewe, hata kama hakuna jani moja uwanjani. Chupa ya siki haiwezi kufanya lolote hapo. Jembe linaweza: rudisha udongo, au chimba mfereji maji yapite. Na usiku chandarua.

Kwa nini basi tufyeke? Kwa sababu nyasi ndefu karibu na ukuta zinaficha panya, na panya anamleta nyoka. Moma anakaa kimya bila kukimbia, na mtu anamkanyaga usiku anapokwenda chooni. Pia nyasi zikiwa fupi unayaona maji yaliyotuama, unaona kopo lililobeba maji, unaona kinyesi cha mtoto kabla kuku hajakisambaza. Hizo ni sababu za kutosha.

GUGU MOJA USILOLIACHA HATA SIKU MOJA

Kuna mmea unaota penye taka, kando ya zizi na kwenye udongo uliochimbuliwa. Majani mapana yenye meno meno, harufu mbaya ukiyasugua, ua jeupe au la zambarau refu kama tarumbeta, na tunda la kijani lenye miiba ukubwa wa limau dogo. Wengine wanauita mnanaha. Mbegu zake ni sumu. Mwezi Machi 2019, hapa hapa Uganda katika mkoa wa Karamoja, unga wa lishe uliogawiwa ulikutwa umechanganyikana na mbegu za mmea huu. Karibu watu 300 waliugua, na 5 walifariki.

Huu usiupalilie kwa siki. Ung'oe wote na mzizi kabla haujatoa tunda, ukiwa umefunga mkono kwa mfuko wa plastiki, na osha mikono kabla ya kugusa macho au chakula. Kama tunda limeshakomaa, usilitupe jalalani. Lifukie chini sana mahali ambapo watoto hawachezi. Wafundishe watoto kulitambua tunda lile la miiba, kwa sababu wanapenda kulipasua na kucheza na mbegu. Mtu aliyekula mbegu hizi anakaukwa mdomo, mboni za macho zinapanuka, moyo unakwenda mbio, anaongea maneno yasiyoeleweka. Watu wanaweza kufikiri amepagawa, wakampeleka kwenye maombi kwanza. Maombi ni mazuri, lakini yafanyeni mkiwa njiani kuja kituoni.

ZOEZI LA NYUMBANI

Kabla hujanunua chupa yako mwenyewe, shirikianeni nyumba nne au tano mnunue moja ndogo. Chagueni magugu matatu: moja changa la jani pana kwenye ufa, moja la nyasi, na ndago moja. Kila moja fungia uzi wa rangi pembeni yake usije ukalisahau. Pakeni siki asubuhi moja ya jua. Angalieni siku ya pili, kisha siku ya kumi, na mwambie mtoto anayesoma shule aandike kwenye daftari mlichokiona. Ile ndago ing'oeni mwishoni muone yale maghala yake chini.

Nitakapopita kwenye eneo lenu kukagua vyandarua, nionyesheni daftari hilo, na mnionyeshe pia chupa yenu ya siki inakaa wapi.